Abla na Bei Iliyozunguka Ukuta

Mtaani kwetu Wattaya, Maskati, nyuma ya maduka ya magari, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Abla, kama wanafunzi wa huku wanavyowaita walimu wao wa kike, na akabaki Abla hata baada ya kustaafu, hata kwa watu ambao hakuwahi kuwafundisha. Muuza mboga alimwita Abla. Imamu wa msikiti, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alimwita Abla. Mimi alinifundisha hesabu nikiwa mdogo, kabla hatujapelekwa skuli ya wavulana kwa walimu wanaume, na mpaka nilipokuwa na mke na gari na meza ofisini alikuwa bado akiniita "wewe wa dawati la nyuma".

Nani walikuwa wazee wake na walitoka Unguja kwa ndege au kwa meli, hayo waulizwe ndugu zake. Mimi nataka kueleza ukuta wake.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa majlis yake, chumba kirefu chenye mito ya kuegemea pande zote. Juu ya mito, usawa wa macho ya mtu aliyesimama, ilipita karatasi ya grafu iliyobandikwa kwa gundi, kipande baada ya kipande, na juu ya karatasi hiyo ulikwenda mstari mmoja wa penseli. Ulianzia pembeni mwa dirisha, ukapita nyuma ya televisheni, ukakata kona, ukaruka mlango, ukaendelea upande wa pili. Ulikuwa mstari wa bei ya hisa za kampuni moja ya saruji. Moja tu. Kila soko lilipofungwa, Abla aliitazama bei kwenye simu, akavaa miwani, akapanda kistuli, akaongeza nukta na kuiunganisha na ya jana.

Mwaka mmoja bei iliporomoka vibaya mpaka karatasi haikutosha. Ilibidi abandike nyingine chini yake, na nyingine tena, mpaka mstari ukagusa mto. Wageni wake walikaa mwezi mzima bila kuegemea upande ule.

Rehema, mwanamke wa Tanga aliyemsaidia kazi za nyumba, ndiye aliyefuta vumbi kwenye karatasi hizo, na hakuzipenda. Lakini zilimsaidia kwa namna yake. Ukimuuliza alifika lini Maskati, hakutaja mwaka. Alikwenda mpaka karibu na swichi ya taa akaweka kidole. "Nilifika hapa," alisema. "Na hapa, kwenye hiki kilima, ndipo mwanangu alipoanza sekondari. Hapa chini nilikuwa naumwa meno." Abla alifurahi sana kusikia hivyo. Alisema Rehema ndiye mtu pekee nyumbani anayeusoma ukuta wote, wengine wanatazama mwisho tu.

Hisa zenyewe aliachiwa na marehemu mumewe. Kwa muda mrefu hakuzigusa wala kuuliza bei. Kisha siku moja akamuuliza mpwa wake, Khalfan, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya madalali wa hisa, zile hisa za saruji zina thamani gani siku hizi. Khalfan akamtajia. "Na jana?" Akamtajia. "Na juzi?" Khalfan akacheka, akamchorea bei za mwezi ule juu ya bahasha. Abla aliitazama ile bahasha kama mtu aliyeonyeshwa picha ya jamaa yake asiyemjua. Baadaye, kwenye maonyesho ya vitabu, akapata kitabu kinene cha Kiingereza juu ya elimu ya mawimbi, akakisoma kwa kamusi, jioni kwa jioni, akipigia mistari kama anasahihisha daftari.

Alinieleza elimu hiyo mara nyingi, na kila mara kwa kalamu mkononi.

"Bei haipandi moja kwa moja," alisema. "Inapanda, inarudi kidogo, inapanda tena kwa nguvu, inarudi, halafu inapanda mara ya mwisho. Hayo ni mawimbi matano. Kisha inashuka kwa matatu. Inashuka, inapanda kidogo ili ikudanganye, inashuka tena."

"Kwa nini iwe hivyo, Abla?"

"Kwa sababu ya watu, kwani bei ni nini? La kwanza wananunua wachache wanaothubutu. La pili wanaogopa. La tatu kila mtu anaona, wanaingia wengi, ndiyo maana aghlabu ndilo refu. La nne wanachoka. La tano wanaingia wale waliosikia habari harusini."

Khalfan hakuamini hata kidogo. Alisoma chuo kikuu mambo ya fedha, na kwake kampuni ilikuwa faida yake, madeni yake na saruji iliyouzwa. Alikuja kwa shangazi yake kila Jumamosi, akala wali wake wa samaki, na alipokwisha kunawa mikono wakaanza kubishana.

"Shangazi, haya mawimbi yako ni kama mawingu. Ukitaka kumuona ngamia, utamuona ngamia."

"Kweli," alijibu Abla, bila kukasirika. "Ndiyo maana kuna kanuni. Wimbi la pili lisishuke chini ya pale la kwanza lilipoanzia. La tatu lisiwe fupi kuliko wenziwe. La nne lisiingie kwenye eneo la la kwanza. Kanuni hizo kazi yake ni kukuzuia usimuone ngamia kila siku."

"Na ukimuona pamoja na kanuni?"

"Basi huenda yupo."

Alikuwa na bikari, ile ya chuma ya skulini, na ndiyo aliyopimia wimbi moja kwa jingine, mguu mmoja juu ya kilele, mguu mmoja bondeni. Wakati wa kupima hakuna aliyeruhusiwa kusema. Niliwahi kuona mtu mzima, katibu wa idara, akisimama na kikombe cha kahawa mdomoni asinywe mpaka Abla ateremke kwenye kistuli.

Mambo yake mengine hayakukubaliana. Alichukia kamari kiasi kwamba dukani alikataa kuponi za bahati nasibu wanazotoa ukinunua mchele. Alimrudishia keshia mkononi, akamshukuru. Lakini hisa alizipenda. Alibana matumizi ya karatasi, akitumia penseli mpaka ikawa haishikiki, ilhali halwa aliyowawekea wageni ingetosha harusi. Wanafunzi wake alitukataza kukisia. "Usinambie 'nadhani'," alikuwa akisema, "nambie ulivyopata." Na sasa alikaa chini ya ukuta uliojaa alama za kuuliza, maana mahali ambapo hakuwa na hakika aliandika nambari ya wimbi na kuweka alama ya kuuliza pembeni. Nilimwambia hivyo mara moja. Akafikiri.

"Zile za skuli majibu yalikuwa nyuma ya kitabu," alisema. "Mimi nlikuwa nayajua kabla yenu. Miaka yote ile sikuwahi kungoja jibu pamoja na wanafunzi wangu. Hii ndiyo inanipa raha. Mimi na nyinyi sote hatujui."

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba hakuuza. Alisema angeuza wimbi la tano litakapokamilika, na kila lilipokamilika aligundua kuwa lilikuwa sehemu tu ya wimbi kubwa zaidi, la tatu mathalan, ambalo bado lilikuwa likienda. Khalfan alisema shangazi yake amepata elimu pekee duniani inayomruhusu mtu kuahirisha milele. Abla alicheka mpaka akafuta machozi. Hakukana.

Alhamisi, soko likishafungwa kwa wiki na baada ya Alasiri, ilikuwa siku ya wanawake. Walikuja jirani zake, mama yangu akiwa mmojawao, na walikuja kwa halwa na kwa maneno zaidi kuliko mawimbi. Lakini kidogo kidogo wakazoea. Ukipita uani ulisikia mtu akisema habari za mchumba wa binti wa fulani, na mwingine akimkata kuuliza, "Hii bado ni ya nne?"

Miongoni mwao alikuwako Bi Zuwena, mwanamke mwenye sauti kubwa na mkono uliojaa bangili za dhahabu, ambaye ulimsikia kabla hujamuona. Alhamisi moja Abla aliwaambia wote kwamba wimbi la nne limekwisha na sasa linakuja la tano. Alilisema kwa furaha, akionyesha kwa rula. Hakumwambia mtu anunue. Lakini walimjua tangu walipokuwa wakiletewa ripoti za watoto wao, na sauti ya Abla akisema jambo ilikuwa sauti ya jambo lililokwisha kusahihishwa.

Bei haikupanda. Ilikaa siku chache kama inayofikiri, kisha ikateremka, ikaendelea kuteremka.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kumchukua mama, nikafika mapema, nikabaki uani karibu na mlango. Rehema alipita na birika, akanitazama, akatikisa kichwa. "Leo hata halwa hawajaigusa," alisema kwa sauti ya chini.

Nikamsikia Abla. Alikuwa amesimama, maana sauti ilitoka juu.

"Tazameni hapa," alisema. "Hiki ni kilele cha la kwanza. Hapa la nne liliposhuka, limeingia ndani yake. Kidogo, lakini limeingia. Kanuni haisemi kidogo. Mimi siku ile niliona. Penseli ilikuwa butu, mstari mnene, nikajiambia ni unene wa mstari. Haukuwa unene wa mstari. Nilitaka ipande, nikajifanya sioni. Nimekosea."

Nilisoma kwa walimu wengi, na neno hilo sikuwahi kulisikia likitoka mbele ya darasa. Kisha nikasikia bangili zikigongana, na Bi Zuwena akatoka haraka, buibui halijakaa sawa, akapita mbele yangu bila salamu. Abla akamfuata, miguu mitupu.

"Zuwena."

"Sina neno, Abla. Nakwenda kupika."

"Umenunua."

Bi Zuwena akasimama. Nilitaka kuondoka, lakini lango la nje lilikuwa upande wao, na nisingeweza kupita bila kukata kati yao.

"Nimeuza bangili," alisema. "Zile za mama. Si zote. Nusu."

"Bwana'ko anajua?"

"Siku akijua nitakuwa nshahamia kwako."

Abla akacheka kidogo, na Bi Zuwena naye akacheka, kisha akalia. Nilingoja Abla aseme lile ambalo mtu yeyote angesema, kwamba hakumwambia anunue. Lilikuwa kweli na wote tulilijua. Hakulisema. Alimshika mkono ule wenye bangili zilizobaki.

"Ulinunua kwa macho yangu," alisema, "na macho yangu yalikuwa na tamaa. Njoo asubuhi. Nitakufundisha utazame kwa macho yako, halafu uamue mwenyewe, uuze au ukae."

Akaja. Asubuhi baada ya asubuhi Bi Zuwena alikaa chini ya ukuta na rula, akilalamika kwamba miwani inamuumiza pua. Abla alimuonyesha kwamba kushuka kwa mawimbi matatu kuna kule kupanda kwa katikati, kule kwa kudanganya, na kwamba huo mara nyingi ndio mlango wa kutokea kwa mtu aliyeingia pabaya. Bei ilipopanda kidogo, mtaa mzima ulifurahi ukidhani imerudi. Bi Zuwena aliitazama, akapima, akamtazama Abla, ambaye alikuwa akitazama dirisha makusudi. Akauza siku ile. Muda si mrefu bei ikateremka tena, zaidi ya mara ya kwanza.

Bangili akazikomboa kwa sonara, zote isipokuwa moja. Hakuona haya. Alitikisa mkono mbele ya watu na kusema, "Mnasikia inavyolia? Pana pengo. Hilo pengo linaitwa wimbi la nne." Tangu hapo akawa ndiye mbishi mkubwa wa Abla kila Alhamisi, na mara nyingine ndiye aliyepata. Abla naye akaweka sharti jipya: atakayeuliza ndani ya majlis ile "ninunue au niuze" ataosha vikombe vyote. Mama yangu aliviosha mara mbili. Khalfan, aliyeuliza kwa mzaha Jumamosi moja, aliviosha pia, na Rehema akasimama nyuma yake kumuonyesha mahali alipoacha povu.

Nilipooa nikahamia Seeb, na ukuta ule nikawa nausikia kwa mama tu. Niliambiwa bei imepita mlango wa ukumbi. Niliambiwa kabati limehamishwa. Kisha mama naye akahamia kwangu, na habari zikapungua.

Msimu wa baridi uliopita nilirudi Wattaya kumtafutia mke wangu gari. Katika duka moja niliona kundi la wauzaji limesimama kuzunguka gari dogo jeupe, mlango wake wazi, na ndani, nyuma ya usukani, amekaa Abla. Kiti alikisogeza mbele mpaka mwisho. Mkononi alikuwa na kijitabu cha maelezo na alikuwa akimuuliza kijana wa mauzo kwa nini taa ile ya manjano inawaka.

"Wewe wa dawati la nyuma," alisema aliponiona, kama tulioachana jana. "Njoo, keti hapa pembeni. Huyu ananambia 'nadhani'."

Nikaketi. Nikamuuliza gari litakuwa la nani.

"Langu. Leseni nnayo." Akaitoa kwenye mkoba akanionyesha. "Mtihani wa kurudi nyuma kati ya mapipa nimeanguka mara ya kwanza. Nimeligonga pipa, likabiringika mpaka kwa afisa. Mara ya pili nikapita. Tangu afariki marehemu nakaa mlangoni kungoja magari ya watu. Khalfan akisema saa nne anakuja Adhuhuri."

"Na pesa za gari, Abla?" Sikujizuia.

"Saruji."

Nikamtazama. "Limekamilika la tano?"

"La tano wapi. Limeanza la tatu." Alifunga kijitabu. "Nimeuza mwanzoni mwa la tatu, mahali ambapo mtu mwenye akili hauzi. Khalfan alinipigia simu, karibu alie. 'Shangazi, hesabu yako mwenyewe inasema ngoja.' Yeye, Khalfan, anishikie kanuni za mawimbi." Aliegemeza kichwa kwenye kiti akacheka vile vile mpaka machozi. "Nikamwambia, ngoja wewe."

Kisha akanieleza. Dada yake yupo Qurayyat, mji wa pwani ng'ambo ya milima, mkubwa wake, wa pekee aliyebaki. Mguu unamsumbua, na tangu mumewe kufariki hatoki ndani; watoto wake wanamletea kila kitu, lakini hakuna anayemtoa. Abla alikuwa akimuona siku za Idi.

"Nimekaa chini ya ule ukuta," alisema, "nikapima muda. Si bei, muda. La tatu hili lingechukua miaka, halafu la nne, halafu la tano. Macho yangu hayatangoja, na dada yangu hangoji. Basi nikauza. Sikuona uchungu mpaka nilipofika nyumbani, na hata huo haukukaa."

Yule kijana akamuuliza kama angependa kulijaribu barabarani. Tulitoka watatu, mimi nyuma. Aliendesha polepole mno, mikono miwili juu ya usukani, akitaja kwa sauti kila alichokusudia kufanya. Kwenye mzunguko wa barabara alingoja mpaka magari yote ya Maskati yapite. Walio nyuma yetu walipiga honi. "Wapige," alisema. "Wana haki yao." Kijana wa mauzo alikuwa ameshika mpini wa mlango, lakini tuliporudi alimshukuru kwa dhati, na nikaona alitaka sana kumwita Abla, ila hakujua kama inafaa. Aliponisindikiza nje alikuwa keshaanza.

Wiki chache baadaye saruji ilipanda. Ilipanda kama alivyosema wimbi la tatu linavyopanda, siku baada ya siku, hata ofisini kwangu watu wasiojua hisa wakawa wanaitaja. Nilisita, kisha nikampigia. Simu iliita muda mrefu.

"Ngoja nisimame kando," alisema. Nikasikia injini ikizimwa. "Haya, sema."

"Abla, umeona bei?"

"Nimeona asubuhi. Linapanda vizuri, masha'allah. Zuwena amekuja nyumbani kulichora, maana mimi sina nafasi. Naye alinunua tena, na hajauza, mwambie mama yako."

"Na wewe huumii?"

"Naumia kidogo, kwani mimi si mtu? Lakini sasa hivi nipo kwenye milima, najiandaa kuteremka Qurayyat. Asubuhi nilimleta dada mjini. Tumezunguka soko la Mutrah, amekula sambusa, amegombana na muuza vitambaa. Ukimsikia usingesema ana mguu mbovu."

Kwa nyuma nikasikia sauti ya mwanamke mzee, nzito kidogo kuliko ya Abla na yenye amri zaidi. "Nani huyo? Mwambie atuwache tuondoke. Kwa mwendo wako huu tutafika kesho."

"Umesikia," alisema Abla, na akakata simu.